Mama anabadilishwa goti: tengenezeni choo kwanza

Dada, umeuliza mama yako wa Busia ajiandae vipi, maana daktari wa mifupa keshasema goti libadilishwe na yeye anaogopa hatatembea tena. Mimi nilibadilishwa la kulia Kampala, na kwangu ni Tororo, kwa hiyo mazingira ya huko nayajua.

Upasuaji wenyewe usimnyime usingizi. Nilichomwa ganzi ya mgongo, nikawa nasikia nyundo zikigonga kama niko gereji, maumivu hakuna. Hawang'oi goti zima: wanakata sehemu iliyolika kwenye ncha za mifupa, wanavika chuma, katikati wanaweka plastiki ngumu. Kesho yake wauguzi wakanisimamisha. Mwambieni mapema, asije akadhani anateswa.

Kazi iko nyumbani, na ianze kabla hajalazwa. Kama choo ni cha shimo, kuchuchumaa asahau, pengine moja kwa moja. Seremala atoboe kiti imara chenye mikono, kikae juu ya shimo, kiwe kirefu kidogo kuliko kiti cha kawaida ili asihangaike kuinuka. Njia ya chooni iwe na taa. Mikeka ya kuteleza itolewe. Godoro la chini hapana.

Meno yakaguliwe, sukari ipimwe, kidonda chochote mguuni kipone kwanza. Vijidudu husafiri na damu, na goti bandia likishapata maambukizi ni balaa. Halafu aanze leo kukaza paja: alale chali, abonyeze goti kitandani, ahesabu hadi tano, aachie.

Akishatoka, kila mtu atamuuliza, "Linakunja?" Nyinyi angalieni kunyoosha. Usiku atatamani kuweka mto chini ya goti, na kweli unastarehesha, lakini goti likizoea kupinda atachechemea. Mto uwe chini ya kifundo cha mguu, goti lining'inie na kushuka lenyewe. Binti yangu alikuwa ananificha mito! Mazoezi yanauma, kwa hiyo ameze dawa ya maumivu kabla ya kuanza, akimaliza aweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Na wale majirani wa kuchua kwa mafuta ya moto, wapeni chai waende zao.

Uvimbe na joto vitakaa miezi, na ngozi kando ya kovu inaweza kufa ganzi. Hivyo vya kawaida. Ila kigimbi kikivimba na kuuma, au pumzi ikabana ghafla, hapo ni damu iliyoganda, hospitali usiku huohuo. Homa au usaha vilevile. Dawa ya kuzuia damu kuganda asiikatishe.

Suala la kupiga magoti nalielewa, nimeolewa kwa Waganda, ambako mwanamke husalimia kwa kupiga magoti. Daktari aliniambia chuma hakitaharibika, ila mimi pale kwenye kovu panachoma, kwa hiyo nasalimia nimekaa na wakwe wamezoea. Swala naswali kitini.

Boda asipande mpaka daktari aruhusu, hasa ule ukaaji wetu wa upande. Akifanyiwa Kampala kama mimi, siku ya kumrudisha Busia tafuteni gari dogo, akae mbele, kiti kisukumwe nyuma. Simameni Jinja, ashuke atembee kidogo, na Iganga tena, hata akisema hajachoka.