Stars of the Lid: kwa nini miaka sita bila albamu

Ndugu yangu wa Bagamoyo, umeuliza kama ukimya wa Stars of the Lid, kundi la Marekani la watu wawili linalopiga muziki wa taratibu usio na mdundo, kati ya albamu ya 2001 na ile ya 2007 ulitokana na ugomvi. Mimi naona sababu ni umbali na uangalifu wao. Brian McBride na Adam Wiltzie walianza pamoja Austin, Texas, wakatoa albamu ya kwanza mwaka 1995. Baadaye McBride alihamia Los Angeles na Wiltzie Brussels, wakawa wanatumiana vipande vya kazi. Isitoshe, kila moja ya albamu hizo mbili ina takriban saa mbili za muziki.

Anza na ile ya 2001, The Tired Sounds of Stars of the Lid. Wewe uliyezoea ngoma za TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, utashangaa kwamba humo hamna ngoma kabisa. Sikiliza gita linavyoingia: mlio wa kidole kugusa uzi umeondolewa, sauti inapanda polepole, kisha fidla na sello zinajiunga nalo hata usiweze kutofautisha kipi ni kipi. Huku Tanga mimi huisikiliza usiku, feni ikiwa imezimwa, kwa maana nyuzi za chini humezwa na kelele ndogo tu.

McBride alifariki mwaka 2023, msiba ulioniuma sana. Wiltzie, pamoja na mpiga piano Dustin O'Halloran, aliunda kundi la A Winged Victory for the Sullen, ambao albamu yao ya kwanza, ya 2011, ni fupi zaidi na piano inasikika waziwazi.