Saladi ya angani: imepandwa, imeoteshwa au imekuzwa?

SWALI: Mwalimu wa baiolojia wa Ilemela, Mwanza, anaandaa bango na klabu ya sayansi ya shule yake. Wanafunzi wameandika: "NASA walipanda saladi angani, mahali pasipo na uvutano. Mizizi iliota kwenda chini bila udongo." Walimu wenzake wanabishana. Mmoja anasema hakipandwi kitu pasipo ardhi, kwa hiyo iandikwe "walikuza". Mwingine anashikilia "waliotesha". Lipi sahihi?

JIBU: Vitenzi vyote vitatu vinafaa, ila kila kimoja kina hatua yake. Mkulima wa mpunga wa Magu havichanganyi: husia mbegu kitaluni, mbegu huota, kisha miche hupandikizwa jarubani.

Kupanda ni kuweka mbegu au mche mahali pa kuotea. Ardhi si sharti. Sasa tazameni saladi nyekundu ambayo wanaanga waliila Agosti 2015 katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Mbegu zake zilibandikwa kwa gundi kwenye tambi kama za taa ya mafuta, upande wa kutokea mzizi ukielekezwa ndani ya kifuko chenye chembe za udongo wa mfinyanzi uliochomwa na mbolea inayoyeyuka polepole. Kazi hiyo ilifanyika Florida, kabla ya safari. Kwa hiyo saladi ile ilipandwa duniani! Huko juu, katika kitalu kiitwacho Veggie, mwanaanga alitia maji kwenye vifuko na kuwasha taa: hapo ndipo alipoiotesha. Siku 33 za mwanga, feni na maji mpaka kuvuna ndizo za kukuza. (Vifuko hivyo msiviite "mito", ingawa kwa Kiingereza huitwa hivyo ("pillows"). Msomaji wa Mwanza ataufikiria Mto Mirongo.)

Neno "bila udongo" nalo lifutwe, maana mfinyanzi uliochomwa upo. Uliwekwa kwa sababu chembe zake huacha nafasi za hewa. Maji yasiyo na uzito hayachuruziki. Hujikusanya na kuuvika mzizi ngozi ya maji, nao hukosa oksijeni. Mpunga huvumilia hali kama hiyo jarubani kwa kuwa una njia za kupitishia hewa kutoka majani hadi mizizi. Saladi haina uwezo huo.

Kwa sababu hiyo hiyo nashauri muepuke "kumwagilia". Huko hakuna kinachomwagika. Maji huingizwa kwa bomba la sindano. "Kutia maji" inatosha.

Kuota hutumika pia kwa kinachojitokeza chenyewe: ndevu huota, meno huota, na ukungu pia. Mwishoni mwa 2015 maua ya zinia yaliyokuwa kwenye Veggie yaliota ukungu, kwa kuwa unyevu ulizidi na feni haikupeleka hewa ya kutosha kwenye majani. Feni ilipoongezwa kasi mimea ikaanza kukauka, ikabidi ratiba ya maji ibadilishwe. Maua yalichanua Januari 2016.

Kosa kubwa zaidi la bango ni "pasipo na uvutano". Kituo kiko umbali wa kilomita 400 hivi, na uvutano wa dunia huko ni kama asilimia 90 ya ule wa hapa. Vitu huelea kwa sababu kituo na vilivyomo vinaanguka pamoja muda wote kikiizunguka dunia. Andikeni "katika hali ya kukosa uzito".

Na "chini" ni ipi huko? Duniani chembe za wanga kwenye ncha ya mzizi hutua upande wa chini na kuuonyesha mzizi njia. Katika kituo hazitui. Mwanga ndio unaobaki kiongozi: shina huufuata, mizizi huukimbia. "Kwenda chini" iondoke.

"Angani" peke yake ni pia pa ndege na mwewe. Mara ya kwanza andikeni "anga za juu". Baada ya hapo "angani" itaeleweka. "Kulima" ningeiacha kwanza: vifuko 6 vya saladi si shamba.

Bango lisomeke hivi: "Saladi iliyopandwa duniani ilioteshwa na kukuzwa katika kituo cha anga za juu, katika hali ya kukosa uzito. Shina lilifuata mwanga, mizizi ikaukimbia."