Ngugi mkimbiaji na Ngugi mwandishi
Ndugu, umeuliza kama John Ngugi mkimbiaji na Ngugi wa Thiong'o mwandishi ni wa ukoo mmoja. Jina peke yake halithibitishi undugu. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo jina moja huzunguka katika nyumba nyingi. Tena kwa mwandishi, Ngugi si jina la ukoo hata kidogo: ni jina lake mwenyewe, na Thiong'o ndiye baba. Ndiyo maana mwanawe, naye mwandishi, anaitwa Mukoma wa Ngugi. Huyo John, ambaye kwa kweli tunamsahau mno, alitwaa dhahabu ya mita 5,000 Seoul mwaka 1988 na ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5.