Bustani wakati wa baridi, Cambridge

Dada, umeuliza uende wapi baridi hii na upande nini kisichokufa. Nenda bustani ya Anglesey Abbey, kilomita 10 hivi kutoka mjini, mwishoni mwa Januari hadi Februari: galanthasi, vile viua vyeupe vinavyoinamisha vichwa, hapo ndipo vinapopendeza hasa!

Kwako nyumbani, nunua miche ya galanthasi ikiwa bado na majani mabichi, mara baada ya kuchanua. Ile mizizi kama kitunguu ikikauka dukani, mara nyingi haioti. Fukia kina cha sentimita 10, chini ya mti unaopukutisha majani. Galanthasi ni sumu, mtoto akiila, tafuta daktari mara moja.

Panda pia kornasi, kichaka chenye matawi mekundu; ipogoe Machi, ubakize sentimita 5 hadi 7 kutoka chini. Matawi yakizeeka, rangi hufifia. Mwaka wa kwanza usiikate, ishike mizizi kwanza.