Muulize Shangazi: Wenyeji wa Muscat hawataki nilipe hata maji

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi kijana wa Tanga, nipo Muscat, fundi AC. Kazini nimepata marafiki Waomani, wawili kati yao wanaongea Kiswahili kabisa maana bibi zao walizaliwa Unguja, sa kila wikiendi wananipitia na gari tunaenda kutembea, mara Nizwa mnada wa mbuzi, mara Sur. Shida hawataki nilipe chochote. Nikitoa waleti mmoja anaapa wallahi hutoi, yamekwisha. Naanza kujiona kupe. Ijumaa hii wanasema baada ya swala twende Wadi Shab (wadi ni bonde la mto), niende au nitoe udhuru? Na nivae nini, kuna kuogelea. Kupe wa Ruwi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda, udhuru wa nini? Mwomani akikupakia kwenye gari yake we ni mgeni wake mpaka akurudishe mlangoni, hata kama mnapiga kazi pamoja kila siku. Na akishaapa usibishane nae mbele ya muuza duka, unamtia aibu bure.

Ila njia zipo. Pesa watakataa, chakula hawakatai. Usiku kabla ya safari chukua nyama, ikatekate, roweka na ndimu, tangawizi na thomu, tia kwenye kuli boksi na mkaa juu yake, mkirudi mnasimama pembeni ya bahari mnachoma mishkaki. Na hao wenye bibi wa Unguja wapelekee katlesi na chatne ya ukwaju uone kama kuna wa kukuapia wallahi hapo.

Nafasi nyingine ni boti. Wadi Shab mnapaki chini ya daraja la barabara ya Sur, afu kuna kimaji cha kuvuka kwa boti, riyali moja kila mtu kwenda na kurudi. We shuka wa kwanza, noti ndogo ziwe mkononi tayari, walipie wote wakati wao bado wanatafuta viatu kwenye buti la gari. Watapiga kelele, waache wapige.

Ila hiyo baada ya swala siipendi. Kutoka Muscat ni kama saa moja na nusu, mnafika alasiri, afu kuna kutembea kama dakika 45 kwenye mitende na mawe ndo mfike kwenye maji ya kuogelea, na giza la bondeni linaingia mapema. Waambie twende Jumamosi alfajiri, si ndo wikiendi bado.

Mavazi, fulana na kaptula inayovuka goti, wanakijiji wanapita humo humo, na usipige picha wanawake. Viatu viwe vya kulowa visivyoteleza, ndala ziache nyumbani. Mwisho kabisa kuna mwanya wa mwamba, unapita kichwa tu juu ya maji, ndani ni pango lenye maporomoko, pazuri ajabu, ila chini hufiki na miguu, kwa hiyo kama hujui kuogelea sema mapema kabla hamjaondoka (wa Tanga tunajuana, wengi tumekulia ufukweni na kuogelea hatujui).

Afu mvua. Angalia utabiri wa milimani, siyo wa Muscat, maana maji yanaweza kushuka kwa kasi huku juu yako jua linawaka. Kukiwa na mawingu msiingie. Na dereva wenu akitaka kuvusha gari kwenye wadi inayotiririka mkatalie waziwazi, ni kosa kisheria Oman na watu wamekufa hivo. Hapo usione haya eti kwa sababu hujalipia petroli.

Jumapili inayofuata, mkitoka kazini, wakaribishe kwako. Chumba mnalala wanne? Si kitu, tandikeni mkeka, pika wali wa nazi na samaki wa kupaka, halwa na kahawa watakuja nayo wenyewe.