Kabla hujainstoli, jua kwanza folda ni ya nani

Juzi kijana mmoja wa chuo hapa Dodoma kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, hivi Go naiweka /opt au /usr/local, maana kwenye grupu letu watu wamegombana mpaka admin kafunga grupu." Nilicheka mwenyewe kwenye daladala, maana ngoma hii mimi nimeicheza na jasho lake nalijua.

Jibu lake fupi tu. Wenye Go yao, ile lugha ya kuandikia programu, wanasema /usr/local/go: unafuta folda ya zamani, unafungua faili jipya la tar, unaongeza /usr/local/go/bin kwenye PATH, ile orodha ya folda ambako mfumo unatafuta komandi, basi. Na aliyesema /opt naye hajakosea, ukisoma FHS, ile standadi ya folda za Linux iliyoanza 1994 kwa jina la FSSTND na toleo lake la 3.0 likatoka 2015, /opt ni ya programu za nyongeza zinazokuja na vikorokoro vyao vyote pamoja. Yaani wote wako sahihi na wote wamepoteza bando, kwa sababu ugomvi wa maana hauko hapo kabisa. Ugomvi wa maana ni nani mwenye hiyo folda. /usr ni ya apt, ile zana inayoinstoli na kuapdeti programu za mfumo, /usr/local ni ya kwako wewe admin, na home, ile inayoandikwa ~, ni ya yuza. Ukiingiza mkono kwenye folda ya apt, siku ya apdeti apt inaweza kuandika juu ya ulichoweka na wala haikuombi radhi.

Kuna ofisi niliwahi kufanya nao kazi hapa mjini, siitaji. Seva ya Debian, moja ya Linux, kila mtu ana sudo, yaani nguvu za admin, kila anayetaka laibrari ya Python anapiga sudo pip install (pip ndiyo inayoinstoli laibrari za Python) halafu anaenda zake kunywa chai. Mnaona hatari iko wapi? Kwenye Debian pip ikikimbizwa na sudo inaweka vitu /usr/local/lib, chini ya dist-packages, na Python ya mfumo inaanza kusoma huko kabla haijafika /usr/lib/python3. Kwa hiyo laibrari uliyojiwekea kwa ajili ya kiprojekti chako inaifunika ile ambayo zana za mfumo zinaitegemea. Nikasema kwenye kikao, jamani kila projekti iwe na venv yake, yaani folda yake ya laibrari isiyogusa za mfumo. Bosi akanijibu mbele ya watu wote, "Dogo, hayo mambo ya vitabuni, sisi tunataka kitu kifanye kazi." Watu wakacheka. Mpaka leo nikipita maeneo yale nakumbuka hicho kicheko, sitadanganya.

Baadaye nikawa nimeshaondoka, wakanipigia, zana za mfumo zinatema makosa ya Python kila zikiguswa. Nilienda, nikasafisha, nikaandika invoisi yangu nzuri. Bosi aliisaini bila kuniangalia. Na Debian 12 ilipotoka 2023 ikaja na kosa la externally-managed-environment, pip inakataa kabisa kugusa Python ya mfumo, nikajisemea haya sasa, mwambieni na Debian ni ya vitabuni. Vijana siku hizi wanapita kwa --break-system-packages. Jina la hiyo flegi umelisoma lakini?

Sasa nyumbani, yaani home, ndiko kwenye fujo zaidi na huko hakuna bosi wa kumlaumu. Standadi ya XDG ya freedesktop.org imeshapanga: konfigi ~/.config, data ~/.local/share, kashe ~/.cache. Safi kabisa. Halafu njoo kwa Cargo, zana ya laibrari ya lugha ya Rust, folda moja ~/.cargo ina programu ulizoinstoli, konfigi, kashe ya registry (laibrari zilizodaunilodiwa) na tokeni yako ya siri, vyote chungu kimoja. Ukifanya bakapu ya home unabeba magiga ya takataka, ukiiruka hiyo folda unaacha konfigi. Go nayo nusu nusu, kashe ya bildi inaheshimu ~/.cache lakini moduli, yaani laibrari zilizodaunilodiwa, zinakaa ~/go/pkg/mod, tena zimefungwa kuandikwa, ukipiga rm -rf inakupigia kelele za permission denied mpaka ukumbuke go clean -modcache. Na usiikimbize hiyo komandi ukiwa na bando la kuungaunga, maana kila kitu kitadaunilodiwa upya.

Mimi siwasubiri wakubaliane huko. Nimeweka GOMODCACHE (kashe ya moduli za Go) na npm_config_cache (kashe ya npm, ile ya laibrari za JavaScript) kwenye .profile zielekee ~/.cache, bakapu inaruka ~/.cache, na kwa Cargo naruka ~/.cargo/registry peke yake. CARGO_HOME, inayosema ~/.cargo ikae wapi, unaweza kuihamisha ukitaka, ila unahamisha chungu kizima na kila kilichomo, kwa hiyo mimi sijahangaika nayo. Na ~/.ssh, folda ya funguo zako za kuingilia seva, iache hapohapo ilipo, hiyo usijaribu kuipanga.