Maswali na Majibu: Tufe la 1979, Upepo wa Texas na Saa za Mkono

Majuma mawili yaliyopita niligusia, kwa aya moja tu, rekodi ya kutupa tufe ya wanafunzi wa sekondari nchini Marekani, na tangu hapo barua hazijakoma. Nimechagua zile zinazonipa nafasi ya kusema ninachotaka kusema, kama ilivyo desturi yangu. Aliyejibiwa kwa mstari mmoja asinune, kwa kuwa mara nyingi swali lake lilikuwa na jibu ndani yake.

Msomaji wa Dodoma: Umeandika kwamba Michael Carter alitupa tufe mita 24.77 akiwa mwanafunzi, ilhali rekodi ya dunia ni mita 23.56. Inawezekanaje mtoto wa shule akamzidi bingwa wa dunia?

Haiwezekani, na hakumzidi. Hili ndilo swali lililoletwa na wengi kuliko yote, na kila aliyeleta alitaja mita bila kutaja uzito, kana kwamba tufe ni tufe tu. Mvulana wa sekondari wa Marekani hutupa tufe la pauni 12, yaani kilo 5.44, na mwanamume mtu mzima hutupa la kilo 7.26. Ryan Crouser alizipata mita zake 23.56 mwaka 2023 kwa tufe zito. Carter alizipata zake kwa tufe jepesi, mwezi Juni mwaka 1979, mjini Sacramento, akiwa mwanafunzi kutoka Dallas.

Baada ya kusema hayo, naomba nisieleweke kwamba nalidharau tufe lile. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77. Simama nyuma ya mstari wa mwisho wa upande mmoja, ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135 ambalo huruhusiwi kutoka kabla tufe halijaanguka, kisha ulirushe chuma hilo livuke kiwanja kizima, livuke na mstari wa upande wa pili, lianguke mita moja mbele yake. Rekodi aliyoikuta Carter, iliyowekwa mwaka 1968 na mvulana mwingine wa Dallas, Sam Walker, ilikuwa zaidi kidogo ya futi 72. Yeye aliiacha ikiwa futi 81 na inchi tatu na nusu. Rekodi za utupaji huongezwa kwa inchi, lakini huyu aliongeza futi tisa. Hata Crouser mwenyewe, aliyekuja kuchukua dhahabu tatu za Olimpiki, alimaliza sekondari bila kuifikia.

Kwa nini haijavunjwa? Sababu moja ni Carter mwenyewe, mtu aliyechukua medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1984 na miezi michache baadaye, Januari 1985, akashinda ubingwa wa mpira wa miguu wa Kimarekani akiwa na San Francisco 49ers. Sababu ya pili imo humohumo: vijana wenye miili ya namna ile wana mchezo mwingine unaowaita kwa fedha nyingi zaidi, na wengi wao huacha tufe mapema. Wanaodai kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu hawajawahi kumtazama mtupaji akifanya mazoezi.

Msomaji wa Nakuru: Je, kijana aliyekimbia 4:00.29 mwaka 2008 alikaribia rekodi ya maili?

Hapana, kwa sababu hakukimbia maili. German Fernandez alikimbia mita 1600 katika fainali za jimbo la California, na maili ina mita 1609.34. Mita tisa na ushei hizo ni sekunde moja na nusu hivi kwa mkimbiaji wa kasi ile. Shule za Marekani ziliacha yadi zikaingia mita, lakini badala ya kuchukua mita 1500 kama dunia nzima, zilichukua duru nne kamili za uwanja, na tangu hapo watu wameendelea kuziita maili. Ukiona muda wa mwanafunzi wa Kimarekani umeandikwa bila umbali, usiunukuu, na usiniletee. La kushangaza zaidi kuhusu Fernandez ni kwamba siku ileile, saa chache baadaye, alirudi uwanjani akakimbia mita 3200 kwa 8:34.23.

Msomaji wa Zanzibar: Matthew Boling alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.98 mwaka 2019. Mbona hamumtaji?

Upepo wa Texas ulikuwa mita 4.2 kwa sekunde mgongoni mwake na kikomo ni mita 2.0; mwanafunzi wa kwanza kushuka chini ya sekunde kumi kwa upepo halali ni Christian Miller, 9.93, mwaka 2024.

Msomaji wa Kampala: Nasikia Jim Ryun alipoteza rekodi yake mara mbili. Rekodi moja inapotezwaje mara mbili?

Hili ni swali zuri, na laiti maswali yote yangeandikwa na mtu huyu.

Ryun alikuwa mwanafunzi wa Wichita, Kansas. Mwaka 1964 alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa sekondari nchini mwake kukimbia maili chini ya dakika nne. Mwaka 1965, akiwa bado mwanafunzi, alifanya mambo mawili tofauti ambayo wengi huyachanganya. Mwezi Mei, katika mashindano ya shule ya jimbo lake, akikimbia na wanafunzi wenzake tu, alipata 3:58.3. Mwezi Juni, mjini San Diego, katika mashindano ya watu wazima, alipata 3:55.3 na kumshinda Peter Snell wa New Zealand, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 800 na 1500.

Hizo ni rekodi mbili. Ya kwanza ni ya mbio za wanafunzi peke yao, ambako hakuna mtu mzima wa kukuvuta wala wa kukukinga na upepo. Ya pili ni ya mwanafunzi popote alipokimbilia. Shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo vya sekondari, NFHS, huingiza katika kitabu chake matokeo ya mashindano ya shule, ilhali jarida la Track & Field News hufuata orodha pana zaidi. Kila mbishani huchukua orodha inayompendeza, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Ile ya San Diego ilidumu miaka 36, mpaka Alan Webb wa Virginia alipokimbia 3:53.43 mjini Eugene mwezi Mei 2001, nyuma ya bingwa wa Morocco, Hicham El Guerrouj. Ile ya Wichita, ambayo wengi walikuwa wameisahau, ilidumu miaka 57. Mwaka 2022 Gary Martin, mvulana wa viunga vya Philadelphia, aliingia katika mashindano ya ligi ya shule za Kikatoliki za mji huo na kukimbia 3:57.98. Mimi naiheshimu zaidi hiyo ya wanafunzi peke yao. Kukimbia kwa kasi ukiwa umefichwa nyuma ya mabingwa ni jambo moja, na kukimbia kwa kasi hiyo huku wenzako wakiwa mbali nyuma yako ni jambo jingine kabisa.

Nitaongeza ambalo halikuulizwa. Baada ya Ryun walifuata Tim Danielson mwaka 1966 na Marty Liquori mwaka 1967, kisha pakawa kimya mpaka Webb. Siku hizi dakika nne zinavunjwa na wanafunzi kila mwaka, na viatu vipya vyenye sahani ya kaboni na povu jepesi vina mkono wao humo. Sisemi vipigwe marufuku, ila anayelinganisha muda wa 1965 na wa leo asisahau kwamba Ryun alikimbia juu ya njia ya mabaki ya makaa yaliyopondwa, si juu ya njia ya mpira.

Msomaji wa Mwanza: Houston McTear alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.0 mwaka 1975 na hakuna mwanafunzi aliyemfikia. Je, ndiye mwenye kasi kuliko wote?

Hajafikiwa kwa sababu mbio zenyewe zilikufa, na hakuna anayekimbia yadi 100 tena. Kijana yule wa Florida aliisawazisha rekodi ya dunia, lakini kwa saa za mkono, yaani saa zinazobonyezwa na mtu kwa kidole, ambazo wenye kanuni wenyewe walizikataa katika rekodi za dunia za mbio fupi kuanzia mwaka 1977.

Msomaji wa Eldoret: Edward Cheserek ni Mkenya. Ni haki kweli muda wake kuandikwa kuwa rekodi ya shule za Marekani?

Ni haki, na sioni kwa nini Mkenya ndiye anayelalamika. Cheserek alizaliwa Kenya na kusoma katika shule ya St. Benedict's Prep mjini Newark. Mwaka 2013, ndani ya ukumbi mjini New York, alikimbia maili mbili kwa 8:39.15 na kuivunja rekodi ya ukumbini ya Gerry Lindgren, 8:40.0, iliyokuwa imekaa tangu 1964. Rekodi ya sekondari ni ya mwanafunzi wa sekondari, na pasipoti haina nafasi katika hesabu hiyo.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Lindgren alikuwa mvulana mwembamba wa Spokane, na sekunde zake za mwaka 1964 zimehifadhiwa kiasi kwamba miaka 49 baadaye kijana mwingine aliweza kuzitafuta na kuzipita kwa chini ya sekunde moja. Katika nyanda za juu ambako Cheserek alitoka, na kusini mwake mpaka Mbulu na Hanang, wamekimbia vijana wa shule ambao muda wao uliandikwa kwenye ubao, ukafutwa Jumatatu asubuhi ili lifundishwe somo la hesabu. Kabla ya kuuliza nani ameandikwa katika kitabu cha Wamarekani, tuulize kitabu chetu kiko wapi.

Msomaji wa Kigoma: Katika mashindano ya shule hapa kwetu kijana amekimbia mita 100 kwa sekunde 10.4. Je, angeshinda Marekani?

Umeniandikia muda, hukuniandikia saa. Nitakueleza niliyoyaona mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilishika saa katika mashindano ya shule za wilaya moja. Tulikuwa watu watatu kwenye mstari wa kumalizia, tumesimama juu ya benchi lililotolewa darasani, na chokaa ya njia ya tatu na ya nne ilikuwa imesombwa na mvua ya alfajiri. Bastola haikuwepo, mwanzishaji alipuliza filimbi. Sauti hutumia karibu theluthi moja ya sekunde kusafiri mita 100, kwa hiyo anayebonyeza saa baada ya kuisikia filimbi amekwisha kumzawadia mkimbiaji muda huo kabla hajapiga hatua ya tatu. Ndiyo maana waliofunzwa hutazama moshi wa bastola, wasingoje mlio. Kwa mvulana yuleyule saa zetu zilionyesha 10.6, 10.9 na 11.2. Kanuni inasema uchukue ya katikati. Mwalimu aliyekuwa na daftari aliichukua ya kwanza kwa kuwa ilipendeza, na nusu saa baadaye ilikuwa imetangazwa kwenye kipaza sauti kuwa rekodi ya wilaya.

Hata saa za mkono zilizoshikwa vizuri huongezewa sekunde 0.24 zinapolinganishwa na za umeme, hivyo 10.4 yako ni 10.64 kama kila kitu kilikwenda sawa, na sijui upepo ulivumaje, wala kama njia ilipimwa kwa utepe au kwa hatua za mwalimu. Mfundisheni kijana huyo, mpeni viatu, mpimeni tena. Msimwambie kwamba ana kasi kuliko Wamarekani.

Msomaji wa Tabora: Quincy Wilson amevunja rekodi ya miaka 42 akiwa na miaka 16. Ataivunja lini rekodi ya dunia?

Mwacheni amalize shule. Mwezi Juni 2024 alikimbia mita 400 kwa 44.66, akaiondoa 44.69 ya Darrell Robinson ya mwaka 1982, akashuka mpaka 44.20 mwezi Julai, na Paris akakimbia katika mchujo wa kupokezana vijiti na kurudi na dhahabu. Ni mengi kwa mtoto, na inatosha.

Orodha ya rekodi za wanafunzi haijawahi kuwa orodha ya mabingwa wa baadaye. Webb alikuja kuwa na rekodi ya taifa ya maili, 3:46.91, mwaka 2007, lakini hakupata medali ya Olimpiki. McTear aliumia akaikosa Olimpiki ya 1976, kisha akapita katika miaka ya dawa za kulevya na kukosa makazi. Mary Cain, aliyeivunja mwaka 2013 rekodi ya wasichana ya mita 800 ya Kim Gallagher iliyodumu tangu 1982, alieleza hadharani mwaka 2019 jinsi shinikizo la kupunguza uzito lilivyomvunja mwili na roho. Kocha anayesoma safu hii na kumpima msichana wa kidato cha pili kwenye mizani mbele ya wenzake, naye amejibiwa hapa ingawa hakuuliza.

Msomaji wa Mombasa: Rekodi ya wasichana iliyodumu sana ni ipi?

Ninayoipenda ni ya kuruka chini: Kathy McMillan, mita 6.78, mwaka 1976, mwaka uleule alioshinda fedha ya Olimpiki mjini Montreal. Ilidumu miaka 39, mpaka Kate Hall, anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza, aliporuka mita 6.83.

Msomaji wa Moshi: Je, Michelle Carter alimpita baba yake?

Baba yake ni yuleyule Michael Carter wa 1979, na matufe yao si mamoja, la binti ni la kilo nne, hivyo mita haziwezi kuwapambanisha. Nyumbani kwao ipo fedha ya baba ya Los Angeles 1984, na ipo dhahabu ya binti ya Rio 2016, mita 20.63, aliyoipata kwa mtupo wa sita na wa mwisho.